Tuwapange Kumi na Mmoja kwa Mizigo, si kwa Majina

Katika mji wa Tabora, na hasa katika kata ya Cheyo, mazungumzo ya kandanda hayakomi kwa kipenga cha mwamuzi. Baada ya sala ya alasiri watu huketi barazani, kahawa ikapita, kete za bao zikasogezwa, na mara mmoja wao akalirudia swali ambalo halijapata jawabu tangu tulipolisikia mara ya kwanza: lau ungepewa uwezo wa kuwakusanya wachezaji wote waliopata kuvaa jezi ya Taifa Stars, walio hai na waliotangulia mbele ya haki, kila mmoja katika umri wa nguvu zake, ungempanga nani, na ungempa namba ngapi?

Asiyejua huenda akasema kuwa huu ni upuuzi wa watu wasio na kazi. Sisi hatuoni hivyo. Mwananchi anayeandika majina kumi na moja juu ya kipande cha karatasi anatoa rai yake juu ya Taifa lake: nani ameonekana, nani amesahauliwa, na ni njia zipi zilizo wazi kwa mtoto wa mkulima wa tumbaku wa huku bara na kwa mtoto wa mvuvi wa Unguja na Pemba. Kwa sababu hiyo twaliona jambo hili lastahili nafasi katika safu hii, na twawaomba ndugu zetu wa Visiwani, pamoja na waheshimiwa watendaji wa Serikali wanaotusoma, watuvumilie tunapoliingia.

Wamarekani nao wana ugonjwa huu huu. Katika mchezo wao wa besiboli, ambao siku hizi hata vijana wa Shule ya Azania ya Dar es Salaam wanaucheza kwa msaada wa Wajapani, wapigaji tisa huja mmoja baada ya mwingine kwa utaratibu uliopangwa kabla ya mchezo, wala hawaruhusiwi kupishana. Basi wapenzi wa mchezo huo hubishana mwaka mzima: nani atangulie, na nani awe wa nne, mahali ambapo kwa desturi huwekwa mwenye mkono mzito, ili awarudishe nyumbani waliomtangulia. Tuliposimulia habari hiyo Cheyo, mzee mmoja alicheka akasema kwamba huo si mchezo mgeni, ni msafara.

Na kwa hakika alisema kweli. Watu wa Tabora wanajua msafara ni kitu gani. Katika karne ya kumi na tisa misafara iliyotoka Bagamoyo ilitembea miezi miwili hata mitatu kufika Unyanyembe, kisha mingine ikaendelea hadi Ujiji. Mbele alikwenda kirangozi na bendera yake. Nyuma yake walifuata wenye pembe za ndovu, kisha wenye vitambaa na shanga, kila mpagazi na mzigo wa frasila mbili au karibu na hapo. Askari walikuwa pembeni na nyuma. Hatusahau kwamba njia hiyo hiyo ilipitisha pia watumwa waliofungwa minyororo, na hatuisifu biashara ile. Tunalosifu ni ujuzi wa wapagazi wa Kinyamwezi, ambao walijua kuwa msafara hauundwi kwa kuwakusanya wanaume wenye sifa tu. Mtu mmoja akipewa mzigo usio wake, wote huchelewa kufika kwenye maji. Nasi kikosi chetu tumekipanga kwa kanuni hiyo: kila namba ni mzigo, na swali ni nani aliyeubeba vizuri zaidi, si nani aliyeimbwa zaidi.

Kwanza hatuna budi kumaliza ugomvi wa wazee na vijana. Wazee hutaka kikosi chote cha mwaka 1980 kiingie kama kilivyo, tusiongeze wala tusipunguze. Hoja yao si ndogo. Mwezi Agosti mwaka 1979, huko Ndola, Peter Tino aliisawazishia Taifa Stars dhidi ya Zambia dakika za mwisho, na kwa bao lile Tanzania ikaingia kwa mara ya kwanza katika fainali za Mataifa ya Afrika. Huko Lagos, mwezi Machi 1980, tulifungwa na wenyeji Nigeria 3-1, bao letu likitiwa na Juma Mkambi. Tukafungwa na Misri 2-1. Tukatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Mabao yale mawili ya mwisho yalikuwa ya Thuweni Ally. Pointi tukapata moja tu.

Vijana hujibu kwa hesabu. Mwaka 2019 nchini Misri hatukupata pointi hata moja, hilo wanalikubali. Lakini mapema 2024 huko Ivory Coast tulitoka sare na Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na mwezi Desemba 2025 huko Morocco tulitoka sare na Uganda na Tunisia, tukavuka makundi kwa mara ya kwanza katika historia yetu, hadi wenyeji walipotutoa kwa bao 1-0 mwezi Januari 2026. Je, waliovuka si bora kuliko wasiovuka?

Sisi twasema pande zote mbili hupima kwa mizani isiyo sawa. Mwaka 1980 fainali zilikuwa za nchi nane tu. Kufika Lagos kulikuwa ni sawa na kufika robo fainali ya leo. Tangu mwaka 2019 zinachukuliwa nchi 24, na wa tatu katika kundi huweza kuvuka. Basi aliyefika Lagos asidharauliwe kwa pointi yake moja, wala aliyevuka Morocco asiambiwe kuwa amebebwa, maana kanuni hakuziandika yeye. Tutachukua kutoka kila kizazi kwa kadiri ya mzigo.

Langoni, namba moja, wazee wanamtaka Juma Pondamali, na wapo wanaomtaja Mohamed Mwameja. Tumempanga Juma Kaseja. Mwaka 2003, Simba ilipokwenda Cairo kumkabili Zamalek, bingwa mtetezi wa Afrika, mambo yaliishia kwenye penalti, na kijana yule akasimama kama mtu aliyeota usiku ule ule wapi mpira utakwenda. Miaka kumi na sita baadaye, Septemba 2019, Taifa Stars ilipoitoa Burundi kwa penalti katika safari ya Kombe la Dunia, aliyekuwa langoni alikuwa Kaseja yule yule. Mlinda mlango ni mtu wa dakika chache katika maisha marefu, na dakika hizo hazikumkuta amelala.

Namba mbili tumempa Shomari Kapombe, namba tatu Mohamed Kajole. Hapo Cheyo palizuka kelele za watani wa Jangwani waliomtaka Ahmed Amasha, na kwa kweli tofauti ni ya unywele. Tusipoteze wino.

Katikati ya ulinzi ndipo penye mazungumzo. Namba tano haina mjadala: Jella Mtagwa, nahodha wa miaka mingi, ambaye sura yake iliwekwa katika stempu ya posta ya Tanzania kwa ajili ya Kombe la Dunia la mwaka 1982, ingawa Tanzania yenyewe haikuwamo katika mashindano yale. Ni nchi ngapi zilizoona kuwa beki wao anastahili kubandikwa kwenye barua zinazokwenda ng'ambo? Huyu ndiye kirangozi wetu. Kitambaa ni chake.

Kando yake, namba nne, wengi wa rika letu humweka Leodegar Tenga, mchezaji mwenzake wa Lagos, ambaye baadaye aliliongoza Shirikisho la Mpira tangu 2004 hadi 2013. Ni mtu wa heshima, na walizoeana. Hata hivyo tumemweka Nadir Haroub, yule waliyemwita Cannavaro, mtoto wa Zanzibar. Tuna sababu. Mtagwa alikuwa mlinzi wa kusoma mchezo na kuamrisha. Mtu wa namna hiyo anahitaji mwenzake asiyeona haya kutia kichwa mahali ambapo wengine husita kutia mguu. Nadir alikuwa nahodha wa Yanga na wa Taifa Stars pamoja, na kwa miaka mingi alibeba mzigo ambao hauandikwi magazetini ila siku unapoanguka. Mwanzoni mwa mwaka 2016 mwalimu Charles Boniface Mkwasa alikihamishia kitambaa kwa Mbwana Samatta, naye Nadir akaamua kustaafu timu ya Taifa. Namna jambo lile lilivyokwenda ilituhuzunisha. Mtu aliyekaa nyuma ya msafara akilinda mizigo ya wenzake alistahili kuagwa kwa ngoma.

Namba sita ndiyo namba ambayo vijana wa siku hizi huiandika mwisho, tena kwa kukuna kichwa. Kila mtu anataka kuwa na mpira. Huyu kazi yake ni kuwatafutia wengine. Tumemwandika Himid Mao, mwana wa Mao Mkami, na tumeandika kwa wino usiofutika. Baba alisifiwa kwa madaha ya mpira, mwana akasifiwa kwa kuunyang'anya; nyumba moja ikatoa vyote viwili.

Namba nane imetukalisha mpaka adhana ya magharibi. Juma Mkambi, waliyempa cheo cha Jenerali, aliwafunga Nigeria mbele ya watu wao. Feisal Salum alitoka JKU ya Unguja, akahamia Yanga mwaka 2018, kisha Azam, na ni yeye aliyesawazisha dhidi ya Tunisia tukavuka. Tumempa Feisal namba nane, si kwa bao lile, bali kwa kuwa anaupokea mpira akiwa amegeuka tayari, na mbele yake tumeweka watu wanaokimbia mapema. Jenerali atakaa benchi, na twajua kuwa jenerali hapendi kukaa.

Kulia, namba saba, ni Simon Msuva. Wapo wasioridhika na miguso yake. Hatubishani juu ya miguso. Katika fainali tatu mfululizo za Afrika alifunga: dhidi ya Kenya mwaka 2019, dhidi ya Zambia mwezi Januari 2024, na dhidi ya Uganda mwezi Desemba 2025, na bao lililoifunga Guinea na kutupeleka Morocco lilikuwa lake pia. Mpagazi anayefikisha mzigo haulizwi alitembeaje.

Namba tisa ni Mbwana Samatta, wala hatujui mtu mwenye akili timamu atakayepinga. Alitoka Mbagala, akapita African Lyon na Simba, akabeba Kombe la Klabu Bingwa Afrika na TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2015, akaipa Genk ubingwa wa Ubelgiji mwaka 2019, na mwezi Novemba mwaka huo akafunga bao Anfield mbele ya Liverpool. Lubumbashi ni mji ambao watu wa Tabora wanaujua tangu zamani, kwani Msiri, Mnyamwezi aliyeanzisha utawala wake Katanga, alitoka pande zetu hizi. Basi Samatta alipokwenda huko, wazee wa Cheyo walisema amefuata njia ya wakwe.

Namba kumi: Sunday Manara au Abdallah Kibadeni. Mmoja aliitwa Kompyuta wakati ambapo wengi wetu hatujaiona kompyuta kwa macho, akafungua njia ya Ulaya kwa kwenda kuchezea Heracles ya Uholanzi. Mwingine, siku ya tarehe 19 Julai 1977, aliwafunga Yanga mabao matatu peke yake katika yale sita ambayo Jangwani hawapendi kuyasikia. Ndugu zetu wa Unguja watakumbuka kwamba Manara alifunga mbele yao mwaka 1975, Yanga ilipoishinda Simba 2-0 katika fainali ya klabu za Afrika Mashariki na Kati. Tumemchagua Manara. Kibadeni alikuwa mfungaji, na mfungaji tunaye. Tulichokosa ni mtu wa kufikiri kati ya Feisal na Samatta. Kushoto, namba kumi na moja, Edibily Lunyamila anamtangulia Mrisho Ngassa kwa kuwa huyu wa kwanza alizaliwa na mguu wa upande ule.

Sasa tuisome orodha hiyo kama mtendaji anavyosoma daftari la hesabu. Wazanzibari wawili wamo, Nadir na Feisal, wala hatukuwaweka kwa ajili ya kulinda uwiano wa Muungano. Tungefanya hivyo tungewatukana. Na kama orodha ingekuwa ya watu wa leo tu, wangeongezeka Ibrahim Hamad wa namba nne na Mudathir Yahya wa namba sita. Visiwa vyenye watu chini ya milioni mbili, ndani ya nchi yenye zaidi ya milioni sitini, vinatoa sehemu kubwa kuliko hesabu yake. Mwaka 1995 Zanzibar ilitwaa Kombe la Chalenji huko Uganda. Mwezi Januari 2025 ilitwaa Kombe la Mapinduzi uwanjani Gombani, Pemba, kwa kuifunga Burkina Faso 2-1. Mwezi Machi 2017 ilipokewa uanachama kamili wa Shirikisho la Afrika, na kabla ya mwaka kuisha, mwezi Julai, ikavuliwa. Twaelewa uchungu wa ndugu zetu, maana jezi yao ni ya nyumbani lakini haina mlango wa kutokea duniani. Kwa kijana wa Pemba mlango ni Taifa Stars peke yake. Kwa hiyo wanaoiteua Taifa Stars wana deni la kwenda Gombani wenyewe na kumtazama akicheza, badala ya kungoja mpaka Simba, Yanga au Azam zimlete Dar es Salaam.

Na Tabora je? Katika kumi na mmoja wetu hayumo mtu aliyejulikana kwa jezi ya klabu ya mji huu. Jambo hilo liliwanyamazisha watu barazani kuliko ubishi wowote. Mji una Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, wenye jina la Rais wa Awamu ya Pili aliyelelewa Zanzibar. Milambo ilipata kucheza ligi kubwa. Rhino Rangers ikapanda ikashuka katika msimu wa 2013/14. Tabora United ikapanda mwaka 2023, na tarehe 7 Novemba 2024 ikaifunga Yanga 3-1 jijini Dar es Salaam, watu wakalala usiku wa manane kwa furaha. Mwaka 2025 klabu hiyo ikabadilishwa jina ikawa TRA United. Hatuna ugomvi na Mamlaka ya Mapato kuendesha klabu. Fedha za uhakika ni jambo jema, na klabu nyingi za mikoani zimekufa kwa kukosa nauli. Tunachouliza ni hiki: jina la mji lilipoondoka, je, mtoto wa Cheyo ameachiwa nafasi ya kufanya majaribio, au wachezaji wataletwa na basi, wacheze, warudi?

Mwaka 2022 Tabora ilipokea mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA, watoto wa mikoa yote wakacheza hapa. Vipaji vilionekana kwa macho. Baada ya wiki mabasi yaliondoka, na hatukuona daftari lolote barazani kwetu la kutuonyesha nani alifuatwa na nani aliachwa arudi kuchunga. Fainali za mwaka 2027 zimekabidhiwa Kenya, Uganda na Tanzania tangu Septemba 2023. Maofisa Utamaduni na Michezo wa wilaya wanaweza kuanza na jambo lisilohitaji fungu kubwa: kila shule iandike jina, umri na namba anayocheza mtoto aliyeonekana, na nakala ipelekwe kwa Shirikisho na kwa wenzao wa Zanzibar. Wapagazi waliandikwa majina yao kabla ya kuondoka Bagamoyo, ili malipo yasipotee. Haitakuwa dhambi kumwandika mtoto wa darasa la sita.

Imebaki benchi. Tumeweka Pondamali, Tenga, Amasha, Jenerali Mkambi, Kibadeni na Ngassa. Nafasi ya saba Cheyo wamegawanyika: wazee wanamtaka Thuweni Ally kwa mabao yake mawili ya Lagos, vijana wanamtaka Clement Mzize. Ilipokuwa saa ya isha hawajaafikiana, na mwenye karatasi akaikunja akaitia mfukoni pamoja na kalamu.